Wiki Nzima Nimekula Wima

Mwenye kosa ni mama watoto. Nalisema mapema ili lawama zisije zikazunguka na kunirudia mimi. Jioni moja alirudi kutoka chuo cha elimu ya watu wazima kilichoko mtaani kwetu hapa Hamburg, anakokwenda kila Jumatano kujifunza kushona, akaweka karatasi ya kijani mezani. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha lipa.

"Tunakwenda kwa Wabaski," akasema.

Nikamuuliza Wabaski ni watu gani, na sisi tumewakosea nini.

"Wako kaskazini mwa Uhispania. Ziara ya masomo. Utamaduni, historia na vyakula, siku saba."

Sasa mimi, mtoto wa Tanga, ukinitajia vyakula nalegea mwili mzima. Utamaduni niliuruka, historia nikaipita, kwenye vyakula nikatia nanga. Kichwani nikaona mkeka, sinia, birika la kunawia, watu wamekunja miguu. Haikunijia hata kidogo picha ya mtu aliyesimama na kijiti mkononi.

Tuliondoka mwanzoni mwa Aprili, watu kumi na wanne: Wajerumani kumi na wawili, wastaafu karibu wote, na sisi wawili. Kulikuwa na bwana mmoja niliyempa jina la Mzee Viatu, maana viatu vyake vya kupandia mlima vilikuwa na kamba nyingi kuliko jahazi. Kulikuwa na bibi mmoja niliyemwita Mama Daftari, ambaye aliandika kila alichokiona, hata kibao cha choo. Bilbao tukapokewa na binti wa Kibaski, kiongozi wetu, anayesema Kijerumani kunishinda mimi niliyekaa Ujerumani miaka ishirini na mitatu. Tulimwita Mwalimu. Alitugawia ratiba ya kurasa tisa. Kurasa tisa, jamani! Mimi nimeozesha mabinti wawili bila hata karatasi moja, na watu walikula wakashiba.

Bilbao kulikuwa kunanyesha, lakini si mvua ya kueleweka. Masika ya Tanga yakija yanakwambia yamekuja. Unafunga dirisha, unalala. Hii ya kwao ni rasharasha isiyoanza wala kuisha, wanaiita zirimiri, nayo haikulowanishi ghafla bali inakuzoea. Kufika adhuhuri suruali yangu ilikuwa nzito kama ya mvuvi, na tulikuwa bado ukurasa wa kwanza.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa makumbusho ya Guggenheim. Nitasema kweli: jengo lenyewe linatisha kwa uzuri. Frank Gehry alilivika mabati ya titani yanayobadilika rangi kwa mwanga, na tangu lifunguliwe mwaka 1997 mji uliokuwa wa viwanda vya chuma na karakana za meli umekuwa mji wa watu wenye ratiba za kurasa tisa. Mlangoni anakaa mbwa mkubwa wa maua. Nyuma, kando ya mto Nervión, kuna buibui wa shaba nyeusi ambaye nyumba yetu nzima ingepita chini ya tumbo lake. Ndani tukaingizwa kwenye kazi ya Richard Serra: kuta za chuma cha kutu, ndefu, zimepinda, unatembea katikati yake. Mwalimu akasema tusikilize miili yetu inavyohisi. Wangu ulihisi njaa. Halafu nikapotea. Mtu mzima, nimezaliwa karibu na bandari, chuma chenye kutu nimekiona tangu sijaota meno, nikapotea kwenye kutu! Mama watoto alinikuta robo saa baadaye nimeegemea ukuta, na askari wa makumbusho ananiambia kwa upole nisiuguse.

Hebu tufike kwenye chakula, maana ndicho kilichonitoa nyumbani.

Mji wa kale wa Bilbao wanauita Zazpi Kaleak. Nilipoliona neno kale ukutani nikafurahi, nikamwambia mama watoto, tazama, wanasema mambo ya kale. Mwalimu akanisahihisha: kale kwao ni mtaa, na Zazpi Kaleak ni Mitaa Saba. Sawa. Mitaa yote saba imejaa baa, na kwenye kaunta za baa hizo zimepangwa pintxo: kipande cha mkate, juu yake kitu, juu ya kitu kijiti. Unachukua kimoja, unakula, unakwenda baa nyingine. Unachukua kimoja, unakula, unakwenda baa nyingine. Mpaka lini? Nilimuuliza Mwalimu chakula chenyewe kinaanza saa ngapi. Akasema ndicho hiki.

Wajerumani wangu, ambao saa kumi na mbili jioni kwao mtu amekwisha kula na kuosha vyombo, walikuwa wanatazamana. Huko watu hutoka kwenda kula saa tatu usiku, na wanatoka bila haraka. Nikatafuta kiti. Baa ya kwanza, hakuna. Baa ya pili kulikuwa na viti vitatu vimekaliwa na wazee watatu ambao, kwa nilivyowaona, walivikalia tangu enzi za dikteta Franco. Baa ya tatu nikauliza kabisa, na mhudumu akanionyesha ukingo wa dirisha wa kuwekea glasi.

Mimi nimefundishwa na maalimu wangu, Mungu amrehemu, kwamba mtu hukaa akala na hukaa akanywa. Kula wima, alikuwa akisema, ni mwendo wa kuku. Sasa nimesimama kati ya kiwiko cha Mzee Viatu na mgongo wa mtu nisiyemjua, juu ya kichwa changu yananing'inia mapaja ya nguruwe kama taa za harusi, na kila mkate ninaounyooshea mkono nauliza, hiki je? Nguruwe. Na hiki? Nguruwe. Hiki ni kaa, lakini chini yake kuna nguruwe kidogo. Nikaangukia kwa kitu kinachoitwa gilda: zeituni, dagaa wa chumvi na pilipili ya siki, vyote vimechomwa kwenye kijiti kimoja. Wanasema kilipewa jina la filamu ya Rita Hayworth ya mwaka 1946. Nilikula Rita Hayworth kumi na moja usiku ule, nikalala na njaa.

Ajabu yao, hakuna anayekuandikia unachokula. Mwisho unamwambia mhudumu mwenyewe, nimekula vitano, anakuamini. Nilijaribu kufikiria mtindo huo kwenye vibanda vya chipsi kwetu nikaacha haraka, kichwa kilianza kuuma.

Mzee Viatu, mpenzi wa mpira, alitupeleka mbio hadi uwanja wa San Mamés. Timu ya hapo, Athletic Club, ni ya mwaka 1898 na haijawahi kushuka daraja, na kwa zaidi ya miaka mia inachezesha Wabaski tu, waliozaliwa au kukuzwa kisoka kwao. Nikasema basi watu weusi wasahau. Mwalimu akacheka, akanionyesha picha ya Iñaki Williams na mdogo wake Nico. Wazazi wao ni Waghana waliovuka jangwa la Sahara wakitafuta maisha. Kaka anaichezea Ghana, mdogo anaichezea Uhispania, na wote ni Wabaski halisi, mtu asikutanie. Mimi mshabiki wa Coastal Union nilikaa kimya. Naam, nilikaa: uwanjani kulikuwa na viti elfu hamsini na tatu hivi, vyote vitupu, nikachagua kimoja nikakitumia ipasavyo mpaka waliponiita mara tatu.

Siku ya tatu ilikuwa somo la lugha, na hapo, alhamdulillahi, nikapata heshima yangu. Kibaski, wao wanakiita Euskara, hakina ndugu. Kihispania na Kifaransa ni majirani zake lakini si ukoo wake, na wataalamu wameshindwa kumpata hata binamu. Mwalimu akaandika ubaoni kwamba "ni" maana yake mimi. Mimi na mama watoto tukatazamana. Akaandika "nator": nakuja. Halafu akapumua, akawaambia Wajerumani wakaze moyo, kwa sababu kitenzi cha Kibaski kinaweza kubeba mtendaji, mtendewa na anayepelekewa kitu, vyote kwa mpigo. Akaandika "dakarkizut". Neno moja! Mama Daftari akaweka kalamu chini. Mzee Viatu akasema mtoto gani anaweza kujifunza kitu kama hicho.

Nikanyoosha mkono. "Maana yake?"

"Mimi ninakileta kwako," akasema Mwalimu.

"Nakuletea," nikasema. "Kwetu mtoto wa miaka mitatu anasema hivyo akitumwa maji."

Kwa nusu saa nilikuwa profesa. Tukagundua "zuri" kwao ni nyeupe, na "ama" ni mama. Lakini "baba" ni aina ya kunde pana, na baba wa nyumba anaitwa "aita". Tena "txiki" ni dogo, na mwezi ule ulikuwa msimu wa kunde changa zinazoitwa baba txikiak. Mchana nikala baba wadogo sahani nzima, nikawaombea dua wa kwangu walioko Pangani.

Mwalimu akatusimulia pia habari ya pete. Zamani shuleni mtoto aliyekutwa anasema Kibaski alipewa pete, naye akamvizia mwenzake akimsikia anakosea ampokeze, na aliyekutwa nayo mwisho ndiye aliyekula fimbo. Wajerumani wakasikitika sana. Mimi nikacheka, na wote wakanigeukia. Ikabidi nieleze kwamba mpwa wangu mdogo pale Dar es Salaam, kwenye shule ya kulipia yenye basi la njano, alivishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema Kiswahili wakati wa mapumziko. Mwalimu akauliza ni serikali gani ya kigeni iliyoamuru hivyo. Nikamwambia hakuna, ni sisi wenyewe, na ada tunalipa kwa awamu. Alinitazama kwa muda, na nadhani hata sasa anaamini nilikosea Kijerumani.

Wao baada ya Franco walikuwa na haraka nyingine. Walikuwa wamekwisha kukubaliana mwaka 1968 juu ya Kibaski sanifu cha kuandikia, batua, na shule zao za ikastola zilifundisha kwa lugha hiyo, nyingine kwa kujificha. Leo kibao cha barabarani, tangazo la benki, tiketi ya treni, vyote vina Euskara. Ndiyo maana nilipotea mara mbili zaidi.

Ukurasa wa tano: jiko. Wabaski wana vyama vya wanaume vya kupika, mahali penyewe huitwa txoko, na Donostia, mji ambao Wahispania wanauita San Sebastián, vipo tangu karne ya 19. Wanaume hukutana, wanapika wenyewe, wanakula wenyewe. Kwa miaka mingi wanawake walikuwa hawaruhusiwi kuingia, na hata waliporuhusiwa kama wageni, jikoni palibaki marufuku. Mwalimu alilisema hili kwa masikitiko, akingoja wanawake wa kikundi wakasirike.

"Walikatazwa kupika?" mama watoto akauliza.

"Ndiyo."

"Na wakawa wanakaa tu, wanaletewa?"

"Wakialikwa, ndiyo."

"Na chama hicho mtu anajiunga vipi?"

Humo txoko kulikuwa na viti. Niliviona kwa macho yangu, vimepangwa mezani, vya mbao, vyenye migongo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini mimi sikupewa hata dakika mbili: mzee mmoja mwenye mashavu mekundu alinitazama, akaona bega la mtu anayeweza kazi, akanivika aproni. Wengine wote wakakaa.

Kazi ilikuwa bacalao al pil-pil. Hilo pil-pil ndilo lililonidanganya nisikatae. Siku nne nilikuwa sijaonja kitu kikali cha maana, nikajua sasa pilipili imefika. Kumbe wanasema jina linaiga mlio wa mafuta yanayochemka polepole. Pilipili kweli ilikuwepo, vipande viwili vyembamba, nadhani ilipita kusalimia tu. Na bacalao ni nini? Ni samaki wa chumvi, aliyekaushwa, akalowekwa siku mbili chumvi imtoke. Ni ng'onda! Nimevuka Ulaya, nimepanda ndege mbili, nimelipa kwa awamu, nifundishwe kupika ng'onda.

Unamweka samaki kwenye chungu kipana cha udongo, mafuta ya zeituni tele, vitunguu saumu, moto mdogo. Halafu unashika chungu kwa mikono miwili na kukizungusha. Hukorogi. Nilipochukua mwiko mzee alinipokonya kama mtoto aliyeshika wembe. Unazungusha tu, duara, duara, mpaka ule utelezi wa ngozi ya samaki ushikane na mafuta uwe mchuzi mzito, mweupe, kama tui la kwanza. Dakika tano, mafuta ni mafuta. Dakika kumi, mafuta. Jasho likanitoka, bega likaanza kulia, na nyuma yangu nasikia vijiko vya wenzangu wanaokula zeituni kwa raha zao. Mzee kila mara anachungulia, anasema neno moja, Mwalimu anatafsiri: "Bado." Halafu, bila taarifa, mafuta yakakubali. Yakajikunja, yakapauka, yakawa mchuzi. Mzee akachovya kidole, akalamba, akanipiga bega lile lile linalouma.

Mama watoto alikuwa amenirekodi mwanzo mwisho, akaituma kwenye kundi la familia. Shangazi yangu wa Tanga akajibu usiku huo: "Huyo kijana anayepika anafanana na nani vile?" Nilipomaliza kunawa, viti vilikuwa vimejaa. Mchuzi ulikuwa mtamu, sitaki kusema uongo. Niliula nimeegemea friji.

Jumatatu tukaenda Gernika. Jumatatu ni siku ya gulio pale. Bibi mmoja aliyefunga kitambaa kichwani alikuwa anauza jibini ya maziwa ya kondoo, duara zima, ngozi yake ya rangi ya asali. Nikauliza bei. "Hogeita hamar," akasema. Wabaski wanahesabu kwa ishirini: thelathini ni ishirini na kumi, arobaini ni ishirini mbili. Nikamwambia Mwalimu amwambie hivi: ishirini nimeielewa na nitailipa, hiyo kumi imeongezwa kwa sababu gani? Bibi alisikiliza tafsiri kwa makini, akafikiri, akasema hogeita hamar. Nikalipa.

Ilikuwa Jumatatu ya gulio vilevile, tarehe 26 Aprili 1937, alasiri ya saa kumi na nusu, ndege zilipokuja. Zilikuwa za kikosi cha Kijerumani kilichoitwa Condor, pamoja na za Waitaliano, zikimpigania Franco, na kwa muda wa saa tatu na zaidi zilikwenda na kurudi zikimwaga mabomu hadi mji ukawa moto mtupu. Upande wa Franco ukasema Wabaski wameuchoma wenyewe. Mwandishi George Steer, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa ametoka kuandika vita vya Uhabeshi, akaandika alichokiona, na Picasso akachora. Ilibidi ifike 1997 ndipo Rais wa Ujerumani, Roman Herzog, akiri kwa maandishi kwamba ndege zao zilihusika.

Mwaloni wa Gernika, ambao chini yake mabwana wa Bizkaia waliapa kuheshimu haki za wenyeji, ulinusurika siku ile. Uliopo leo ni mwembamba, ulipandwa hapo 2015, kizazi cha ule wa zamani. Kigogo cha babu yao kimehifadhiwa kando chini ya nguzo. Kikundi chetu kilisimama hapo bila neno. Baadaye, mbele ya nakala ya mchoro wa Picasso iliyotengenezwa kwa vigae, Mama Daftari akafunga daftari. Akamuuliza mama watoto kwao hasa ni wapi.

"Songea."

Bibi akafikiri. "Rais wetu alikwenda huko."

"Novemba 2023. Akaomba radhi kwa ajili ya Majimaji."

"Nanyi mlisemaje?"

"Mama yangu alisema tumemsikia."

Wakakaa kwenye benchi, wawili wale, kimya kirefu. Palikuwa na nafasi ya mtu wa tatu. Sikuiomba.

Usiku wa mwisho tukapelekwa Astigarraga, karibu na Donostia, kwenye nyumba ya sagardo, kileo cha tufaha. Msimu wake ni tangu Januari hadi Aprili hivi. Niliingia nikaona meza ndefu na mabenchi, nikamshukuru Mola. Nikakaa. Kimanda cha ng'onda kikaja, nikamega tonge la kwanza. Mtu akapiga kelele, "Txotx!" Watu wote wakainuka na glasi, wakakimbilia pipa kubwa kama tangi la maji, lililotobolewa tundu dogo, kinywaji kinaruka mbali, nao wanapanga foleni kukikinga hewani. Mimi sinywi, lakini Mzee Viatu alikuwa amekaa upande wa ukutani na hapiti mpaka niinuke. Nikainuka. Nikakaa. Ng'onda na pilipili hoho ikaja. "Txotx!" Nikainuka. Ikaja nyama ya mbavu, imebabuliwa nje na ndani inalia, nikawaachia. "Txotx!" Mara ya sita nikaona heri niwasindikize kabisa, nikasimama karibu na pipa na glasi yangu ya maji. Mama Daftari akakinga vibaya, nikaoga. Nimerudi hotelini nanuka kama mlevi mkuu, mimi ambaye hata togwa naiuliza umri kwanza.

Tumerudi Hamburg wiki mbili sasa. Mama watoto ameleta karatasi nyingine ya kijani, sijaisoma. Jibini ya ishirini na kumi ipo kwenye friji, na kwa harufu yake watoto hawataki hata kufungua mlango. Msomaji uliye Hamburg, ukiitaka, njoo Jumapili baada ya alasiri. Kiti kipo.